Heko kwa Mwenye Macho ya Kisasa

Kila Sikukuu ya Jamhuri inapofika, orodha ya wanaotunukiwa nishani hutolewa, nami huisoma hadi chini nikitafuta mtu mmoja ambaye hayumo. Wamo wakimbiaji, wamo makamishna, wamo watu ambao kazi yao hasa hakuna aijuaye. Hayumo yule bwana wa hapa Osiri anayetazama sinema za zamani kwa macho ya kisasa na kututangazia alichokiona, papo hapo anapokiona, kwa sauti inayomfikia hata mama anayekaanga mandazi nje ya banda la video. Serikali ikiwa imemsahau, sisi tunaokaa nyuma yake tuna wajibu wa kumsifu. Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa huyu hakuna hofu. Lake lilikuwa maji tangu siku ya kwanza.

Kwa asiyeijua Osiri: ni upande wa Nyatike, kaunti ya Migori, katika ukanda wa dhahabu ambao watu wameuchimba tangu enzi za mkoloni. Zamani mgodi ulikuwa mambo ya kampuni, kama pale Macalder. Siku hizi anayechimba ni yeyote mwenye nyundo, tindo na wenzake wa kumshikia kamba. Mchana watu hushuka mashimoni na tochi kichwani, mawe yakapandishwa, yakasagwa, yakaoshwa. Jioni mwenye sarafu mfukoni huingia banda la video. Humo ratiba ni mpira wa Uingereza, filamu za kupigana, na zaidi ya yote zile zilizosimuliwa na DJ Afro, ambaye amewathibitishia Wakenya kwamba sinema yaweza kunoga zaidi mtu akiongea juu yake. Bwana wetu alilisikia somo hilo akachukua nusu: ile ya kuongea.

Kisha kijana mmoja aliyerudi kutoka Nairobi akaleta flashi yenye Star Trek ile ya kwanza kabisa, ya Gene Roddenberry, iliyoanza kurushwa na NBC ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966 na kukatishwa Juni 1969 baada ya vipindi 79. Chombo kiitwacho Enterprise kinazurura kati ya nyota katika karne ya 23. Nahodha ni Kirk, msaidizi wake ni Spock mwenye masikio yaliyochongoka, daktari ni McCoy, na kwenye mitambo ya mawasiliano ameketi Luteni Uhura, mwanamke Mwafrika anayejua Kiswahili. Sisi tulidhani tunatazama habari za kesho. Bwana wetu aling'amua tangu dakika ya kwanza kwamba ni habari za juzi, na moyo wake haukumruhusu atuache tuendelee kufurahi.

Huduma yake ya kwanza, basi, ni kutuondolea mshangao. Kila mlango wa Enterprise ulipofunguka wenyewe, alitukumbusha kwamba haukufunguka wenyewe: nyuma ya ukuta walisimama watu wakivuta kamba. Ni kweli kabisa, hivyo ndivyo ilivyofanywa studioni. Akanyamaza kidogo ili tucheke. Bahati mbaya banda lilikuwa limejaa watu ambao kila asubuhi huteremshwa chini ya ardhi, na kurudi kwao juu kunamtegemea aliyeshika kamba. Walitikisa vichwa kwa heshima. Mmoja alisema wavutaji wale walikuwa mafundi, maana mlango haukuchelewa hata mara moja, akauliza kama walilipwa kwa siku au kwa mlango.

Hakukata tamaa. Watu walipoyeyuka ndani ya chombo na kutokea juu ya sayari, alitufahamisha kwamba ufundi ule ulibuniwa kwa sababu ya ukata tu: waandaaji hawakuwa na pesa za kuonyesha chombo kikitua kila wiki. Hilo nalo ni kweli. Jaduong' mmoja, mzee wa hapa, akasema umaskini wake mwenyewe haujawahi kumvumbulia kitu kizuri kama kile. Tulipofika kwa McCoy akimtibu mgonjwa, tukaambiwa kwamba vifaa vyake vya upasuaji vilikuwa vichupa vya chumvi. Na kweli vilikuwa hivyo. Kipindi cha kwanza kurushwa, "The Man Trap", kilihusu kiumbe kinachofyonza chumvi kutoka miili ya watu, waandaaji wakanunua vichupa vya mitindo ya ajabu ajabu, halafu wakahofu kwamba hakuna mtazamaji atakayejua kuwa ni vya chumvi. Daktari akagawiwa. Wasikilizaji, ambao wamewahi kufika zahanatini wakakuta daktari hayupo na kifaa hakipo, waliona daktari yupo na kifaa kipo. Walishindwa kuelewa malalamiko ni yapi.

Huduma ya pili inahusu usalama wa abiria. Enterprise ikipigwa na adui, kamera huinamishwa na waigizaji hujirusha huku na huku, wengine wakaanguka kutoka vitini. "Mikanda iko wapi?" akauliza kwa uchungu. "Karne ya 23, na hakuna mkanda hata mmoja!" Akatukumbusha kwamba hapa Kenya, tangu kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mapema mwaka 2004, hata matatu ina mikanda. Yaani Nyatike imewatangulia hao watu wa nyota kwa karne mbili na zaidi. Banda lilijaa fahari. Filamu ilipokwisha bwana wetu alipanda bodaboda akiwa abiria wa tatu, bila kofia, taa ya mbele ikiwa haiwaki, akatokomea kuelekea Macalder huku akiendelea kumweleza dereva habari ya mikanda.

Huduma ya tatu ni simu. Kirk ana kidude anachokifungua kwa kidole na kuongea na chombo kilicho angani. Bwana wetu alikitazama kwa huruma: kidude kinene, hakina kioo, hakina hata kamera. Akainua simu yake tuilinganishe, na mwanga wake ukatuwezesha kuacha kuiona filamu kwa muda wa kutosha. Akatujuza pia kwamba simu ya mkononi ilivumbuliwa kwa kuiga kidude kile. Martin Cooper wa Motorola, aliyepiga simu ya kwanza ya aina hiyo jijini New York tarehe 3 Aprili 1973, amehusishwa sana na hadithi hiyo, ingawa mwenyewe baadaye alisema kilichomvutia ni saa ya redio aliyovaa Dick Tracy kwenye vibonzo vya magazeti. Lakini ukweli ukikutana na maelezo njiani, bwana wetu hupisha maelezo. Wala hakuona sababu ya kututajia kwamba katika vipindi vyote 79 Kirk hajaambiwa hata mara moja kwamba hana salio la kutosha, wala hajatoka nje na kusimama chini ya mwembe kutafuta mtandao.

Huduma ya nne ni historia. Hapa kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye amejaribu mara kadhaa kutudhuru kwa kutujuza mambo, na kila mara tumeokolewa na bwana wetu kabla mzee hajafika mbali. Bwana wetu alikuwa amesema kwamba enzi hizo hakuna Mwafrika aliyejua lolote kuhusu anga. Mwalimu akaanza: baharini karibu na Malindi, kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilipaa siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Hayo yote niliyapata kwake baadaye, kwenye chai. Siku ile aliishia Malindi. Bwana wetu alikuwa ameshahamia kwenye sketi.

Sketi ya Uhura ni fupi. Hatupingi. Tuliarifiwa alipoketi, alipoinuka, na alipogeuka kujibu simu. Mwalimu akajaribu tena: Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza arudi kwenye maigizo ya jukwaani, na aliyemwambia asithubutu kuondoka ni Martin Luther King, kwa sababu palikuwa na watoto waliohitaji kumwona amekaa pale. King huyo huyo ndiye aliyempokea Tom Mboya kule Atlanta mwaka 1959, Mboya wa kisiwa cha Rusinga, hapo jirani zetu Homa Bay, alipokuwa akitafutia wanafunzi wa Kenya nafasi na nauli za kwenda kusoma Marekani. Yaani kati ya kiti cha Uhura na Rusinga kuna watu wawili tu wa kupeana mikono. Kuanzia mwaka 1977 Nichols aliifanyia NASA kazi ya kuwaalika wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga, na Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu mwaka 1992, amesema kwamba utotoni alikuwa akimtazama Uhura. Mwalimu alitamka "Rusinga", kisha akashindwa nguvu. Sketi ilikuwa imeinuka tena.

Nisimsahau mlinzi wa lugha. Ndani ya "The Man Trap" kiumbe kile kinajigeuza kuwa mwanamume mweusi na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili. Kiswahili kwenye televisheni ya Marekani, mwaka 1966, Kenya ikiwa haijatimiza hata miaka mitatu ya uhuru! Bwana wetu akasema lafudhi si ya pwani. Alikuwa sahihi, na alilisema kwa lafudhi ambayo ikifika soko la Kongowea, Mombasa, huuziwa nazi kwa bei ya mgeni.

Lakini haya yote ni madogo. Huduma iliyonifanya nishike kalamu aliitoa usiku tulipotazama "The Devil in the Dark", kipindi cha Machi 1967 kilichoandikwa na Gene L. Coon. Banda lilinyamaza lenyewe, kwa kuwa hadithi ilihusu wachimba migodi. Katika sayari ya Janus VI watu wanachimba madini yaitwayo pergium, na kuna kitu kinachopenya mwamba kwa asidi na kuwaua. Zaidi ya hamsini wamekwisha kufa. Msimamizi anataka kiuawe ili uzalishaji uendelee. Kirk na Spock wanateremka mgodini.

Osiri ilisahau kabisa kwamba haya yako angani. Watu walijadili dari ya handaki, wakasema haina nguzo na iko siku itamwangukia mtu. Walistaajabu sakafu ilivyo safi, wakakubaliana kwamba Janus VI kuna mfagizi. Mmoja aliuliza mwenye shamba pale huchukua mafungu mangapi ya mawe. Ndipo kiumbe kikajitokeza, chekundu, chenye mabaka, kikitambaa, na bwana wetu akasimama mbele ya kioo ili asisikike vibaya.

"Hilo ni zulia!" akasema. "Zulia, na ndani yake kuna mtu anatambaa kwa magoti!"

Mtu alikuwemo kweli. Aliitwa Janos Prohaska, na vazi lile alilitengeneza mwenyewe. Wala sitabishana na macho ya kisasa kuhusu umbo lake. Tatizo ni kwamba bwana wetu alikuwa Osiri. Hapa jiwe likishasagwa huchanganywa na maji na kumwagwa juu ya ubao ulioinamishwa, na juu ya ubao hutandikwa gunia, au taulo, au zulia kuukuu. Tope hupita. Dhahabu, kwa kuwa ni nzito, hunaswa katika manyoya. Jioni zulia huoshwa ndani ya beseni, watu wanne wakilitazama zulia na kila mmoja akiwatazama wale watatu. Ukimwambia mchimbaji wa Osiri kwamba kile ni zulia, humpunguzii hamu. Banda zima lilisogea mbele.

Bwana wetu aliuchukua msogeo ule kuwa ni kiu ya maarifa, akaanza kueleza mpira, rangi, gundi, na jinsi ambavyo leo kitu kama kile kingetengenezwa kwa kompyuta. Nyuma ya mgongo wake hadithi iliendelea bila sisi. Spock alimgusa kiumbe yule na kusikia maumivu yake. Kumbe ni mama. Yale mawe ya mviringo yaliyozagaa mahandakini, ambayo wachimbaji walikuwa wameyavunja kwa maelfu bila kujali, yalikuwa mayai yake, na alikuwa akiwaua waliokuwa wakiwaua wanawe. McCoy alimziba jeraha kwa zege la kujengea. Mwishowe wakaafikiana: watoto wake watachimba njia, wanadamu watakusanya madini, na kila upande uuache upande wa pili uishi.

Aliyeyafuata hayo yote ni mama mmoja wa kuosha dhahabu. Hakuwa amekuja kutazama chochote. Aliingia kuchaji simu, na soketi iko kando ya spika. Aliuliza taratibu, "Kwa hivyo muda wote huo walikuwa wakivunja kitu wasichokijua?"

Hapo ndipo penye hatari niliyotaka msomaji aione. Swali la namna hiyo, likiachwa wazi katika chumba chenye wachimba dhahabu, laweza kuharibu jioni nzima. Mtu angeanza kujiuliza sisi tunavunja nini. Angefika kwenye zebaki: jinsi dhahabu iliyonaswa kwenye zulia inavyochanganywa nayo kwa mikono mitupu, kisha donge likachomwa mpaka zebaki ipae kuwa moshi na dhahabu ibaki, na moshi ule unakwenda kwa nani, na majitaka yanateremkia wapi, na ziwa liko upande gani. Angekumbuka kwamba mwaka 2013 mataifa yalitia saini Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walikula samaki wenye zebaki, wakaugua, na watoto wakazaliwa na madhara yake. Mbaya zaidi, angemtazama bwana wetu mwenyewe, ambaye mchana ni mnunuzi wa dhahabu na huchoma madonge hayo kwenye jiko la makaa nyuma ya duka, upande wa dirisha ambako jirani humlaza mtoto.

Alituokoa. "Mama," akasema, kwa upole wa mtu anayejua, "hiyo ni sinema ya zamani."

Swali likafa hapo hapo. Mama akachomoa simu yake, ikiwa na asilimia kumi na kitu, akaenda zake. Sisi tukacheka kidogo kuhusu zulia, tukaenda kulala bila kuwa na deni kwa mtu yeyote, awe wa sayari hii au nyingine. Na hiyo ndiyo nguvu ya macho ya kisasa: yanaona bila kukosea kila kitu ambacho hakitudai chochote. Kamba nyuma ya mlango yanaiona. Kichupa cha chumvi yanakiona. Chembe za dhahabu zilizomo ndani ya simu inayotumulikia zulia, na zilikotoka, hayo ni mambo ya watu wenye muda.

Wasio na shukrani hawakosekani. Mwenye banda alitaka kumtoza kiingilio mara mbili, akidai kwamba anaendesha kipindi chake mwenyewe sambamba na kile cha kioo. Vijana wa nyuma walipendekeza ahamishiwe nje, akae na mama wa mandazi. Mama akakataa. Alisema ana mafuta ya moto pale, na hapendi kujaribiwa. Mwalimu mstaafu, kwa upande wake, ameacha kuja. Anasema hana chuki na mtu, ila umri wake hauruhusu kuanza sentensi asizoweza kuzimaliza.

Mimi nina pendekezo la kujenga zaidi. Karibu miaka 60 ndiyo inayotutenganisha na zulia lile. Naomba usiku mmoja mzima bwana wetu arekodiwe, kwa simu yake mwenyewe ili ubora uwe wa kisasa: akiwa amesimama mbele ya kioo, kisha akiwa dukani juu ya jiko lake, kisha akiwa wa tatu kwenye bodaboda. Flashi ihifadhiwe hadi mwaka 2085 na ionyeshwe hapa hapa Osiri. Watakaokuwepo watakuwa na macho yao ya kisasa. Wataitazama simu yake kwa huruma, watauliza kofia iko wapi, na mmoja wao, nina hakika, atainuka na kuziba kioo ili aeleze vizuri. Atakuwa mjukuu wake. Asitozwe kiingilio.